Robert Koch na Jicho la Ng'ombe

Mwaka huu wanachama tuliagizwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi wamekimbilia marais na wanariadha. Mimi nimemchagua daktari mmoja Mjerumani, na sababu ni ng'ombe wetu.

Ilikuwa likizo ya Agosti nikiwa kidato cha pili. Asubuhi na mapema tulimkuta ng'ombe wetu wa maziwa amekufa zizini, damu nyeusi ikimtoka puani bila kuganda. Jana yake jioni alikuwa amekamuliwa vizuri tu! Kabla jua halijapanda majirani walishafika na visu, maana hapa kwetu Kuresoi habari ya nyama haihitaji mjumbe. Baba naye alitaka amchune, angalau auze ngozi. Basi daktari wa mifugo akafika kwa pikipiki, akafukuza watu wote. Alivaa glavu, akatoa tone moja la damu sikioni, akalipaka kwenye kipande cha kioo. Majibu yalisema ni kimeta. Tulichimba shimo refu, tukamzika na chokaa. Baba alinuna wiki nzima.

Mimi niliuliza, kwa nini sikio? Nikaambiwa kwamba mshipa wa sikioni uko karibu na ngozi, kwa hivyo damu inapatikana bila kumpasua mnyama. Ukimpasua, viini vya kimeta vinakutana na hewa na kugeuka vijimbegu vigumu vinavyokaa udongoni miaka mingi. Aliyegundua mambo ya hivyo vijimbegu ndiye Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mji wa Clausthal, kwenye familia ya watoto wengi ambayo baba yao alikuwa mtu wa migodi. Alisomea udaktari Göttingen akahitimu mwaka 1866. Kuanzia 1872 alikuwa daktari wa wilaya ndogo iliyoitwa Wollstein, ambayo leo iko Poland. Hakuwa na chuo wala maabara. Alikuwa na hadubini, panya, na chumba cha nyumbani kwake alichokigawa mara mbili, huku wagonjwa, huku utafiti. Na kimeta kilikuwa kikimaliza mifugo ya wakulima wa huko kama kilivyommaliza wetu.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha. Koch alitaka kuviona viini vikikua, lakini ndani ya damu mambo ni mengi, huoni kitu. Akatafuta maji safi yenye chakula cha mwili. Kumbe yako ndani ya jicho la ng'ombe! Nyinyi mliowahi kupasua jicho kwenye somo la baiolojia mnayajua yale maji maangavu yanayokaa nyuma ya ile ngozi ya mbele inayopitisha mwanga, kabla ya kufika kwenye lenzi. Aliweka tone lake kwenye kioo, akatia kidogo sana kitu chenye kimeta, akalitunza kwenye joto kama la mwili. Vijiti vidogo vikarefuka vikawa nyuzi, na ndani ya nyuzi yakatokea madoa yanayong'aa. Ndivyo vijimbegu. Mwaka 1876 alikwenda kuwaonyesha maprofesa wa Breslau, nao wakakubali kwamba kiini fulani ndicho kinacholeta ugonjwa fulani. Mwaka uliofuata alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera, kwa sababu hakuamini michoro ya mkono.

Mengine nitayapita haraka kwa kuwa yako vitabuni: kiini cha kifua kikuu 1882, kipindupindu 1884, Tuzo ya Nobel 1905.

Wengi hawajui kwamba alifika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1897 alikuja Dar es Salaam, akaona vijidudu vidogo ndani ya damu ya ng'ombe, akadhani ni ugonjwa mwingine uliojulikana tayari. Alikosea. Ilikuwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe wa kahawia wanaojificha ndani ya sikio. Arnold Theiler ndiye aliyekuja kutambua kwamba ni kiini tofauti, na leo kiini hicho kinaitwa Theileria.

Halafu mwaka 1906 akaja visiwa vya Sese, Uganda, wakati malale yalipokuwa yameua watu zaidi ya laki mbili kando ya ziwa. Aliwadunga wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili, yenye arseniki. Mwanzoni walionekana kupona. Ugonjwa uliporudi, akaongeza dawa. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, kwani dawa ile iliharibu neva ya jicho, na wengine wakatoroka kambi. Mtu aliyeona mbali kupitia jicho la ng'ombe akawapofusha watu waliomwamini! Nilipofika hapo kalamu ilinigoma.

Wenzangu wa chama walinishauri niitoe sehemu ya Sese, ati inamharibia mzee wa watu sifa. Nimekataa. Wale wa Sese nao walikuwa na macho yao.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Kimeta chenyewe hakijafa. Mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya 100 katika mbuga ya Ziwa Nakuru, si mbali na sisi. Pale tulipomzika ng'ombe wetu baba amezungusha miiba, na hata mama akitafuta mahali pa kupanda viazi, hapo hapaguswi.