Robert Koch: Tabibu aliyefungua njia ya kuitambua nasaba ya kipindupindu

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAKAZI wa Kata ya Sokon I jijini Arusha, sawa na Watanzania wengine, huhimizwa kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono kwa sabuni na kutumia vyoo bora, hususan msimu wa mvua. Wito huo una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maisha ya Dkt. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyewahi pia kufanya utafiti katika ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1866 katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Huko, akitumia hadubini yake baada ya kuhudumia wagonjwa, alichunguza ugonjwa wa kimeta, na mwaka 1876 akathibitisha kuwa husababishwa na bakteria wa aina moja mahususi. Mwaka 1882 alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu.

Mwaka 1883 kipindupindu kilipozuka Misri, Serikali ya Ujerumani ilimtuma Alexandria. Mlipuko ulipungua kabla hajakamilisha kazi, naye akaufuata ugonjwa huo hadi Calcutta, India. Katika utumbo wa waliofariki alimkuta tena na tena bakteria yule yule, aliyepinda kama alama ya mkato. Alimkuta pia katika bwawa ambalo wananchi walilitumia kwa kuoga, kufua na kunywa. Mtaalamu wa Italia, Filippo Pacini, alikwisha kumwona bakteria huyo mwaka 1854, lakini kazi yake haikuzingatiwa.

Si wote waliokubaliana na Koch. Mtaalamu mwenzake, Max von Pettenkofer, aliamini kuwa hali ya udongo wa mahali ndiyo huamua mlipuko, na mwaka 1892 alikunywa vimelea hivyo kwa makusudi, akanusurika. Mwaka huo huo, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, ambako maji ya Mto Elbe yalisambazwa bila kuchujwa. Mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto huo kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa.

Koch aliwasili Dar es Salaam mwaka 1897, na katika safari zake za Afrika Mashariki alichunguza malaria, tauni na homa ya papasi. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 hadi 1907 alishughulikia malale katika visiwa vya Sese, Uganda, ambako dawa yenye arseniki aliyoitumia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Hilo limebaki doa katika kumbukumbu yake. Alifariki tarehe 27 Mei, 1910 mjini Baden-Baden.

Koch aliweza kumtambua bakteria kwa umbo na ukuaji wake, lakini hakuwa na njia ya kuujua ukoo wake. Leo wanasayansi husoma vinasaba. Bakteria anapojigawa, mabadiliko madogo hutokea katika vinasaba vyake na kurithiwa na vizazi vinavyofuata. Hivyo, bakteria wanaofanana kwa mabadiliko hayo huwa na asili moja ya karibu. Kwa njia hiyo imebainika kuwa kipindupindu cha aina ya El Tor, kilichofika Afrika mwaka 1970, kimeingia barani mara kadhaa kutoka Asia. Tawi mojawapo lilitoka Asia Kusini, likasababisha milipuko Afrika Mashariki, kisha likaonekana Yemen mwaka 2016.

Ushahidi huo unaonesha kuwa vimelea vya milipuko hiyo husafiri na watu, na kwamba mnyororo wake unaweza kukatwa. Ndiyo maana sampuli ya choo inayochukuliwa kituoni ina thamani kubwa: humsaidia daktari kuthibitisha ugonjwa, na huwawezesha wataalamu kujua ulikotoka. Mwananchi anayeharisha majimaji mfululizo anapaswa kuwahi kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri, na kaya yake iendelee kuchemsha maji ya kunywa.