Habari za Daktari Denis Burkitt

Mwezi huu nawaletea habari za tabibu mmoja ambaye jina lake limo katika vitabu vya uganga vya dunia nzima, na kazi yake ilianza hapa kwetu, kando ya Ziwa Viktoria.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, lakini nafasi yake aliitumia kuwavika ndege wadogo pete miguuni, apate kujua kila mmoja anakaa wapi, kisha akaichora mipaka ya makao yao katika ramani. Mwana naye alikuja kuchora ramani, ila si ya ndege.

Alipokuwa mvulana wa miaka 11 alipigwa kwa jiwe, akapotewa na jicho moja. Alianza kujifunza uhandisi mjini Dublin, lakini akasadiki kwamba Mungu anamwita katika utabibu, akahitimu mwaka wa 1935. Alipoomba kazi ya serikali katika Afrika ya Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vilimleta Kenya, na vilipokwisha akapata kazi Uganda mwaka wa 1946, kwanza Lira, baadaye Mulago katika Kampala.

Katika mwaka wa 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita aje kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuutambua ugonjwa huo. Haukupita muda mrefu, naye yuko Jinja, akatazama nje kwa dirisha, akamwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Akatoka, akampapasa tumbo, na tumboni pia mna uvimbe. Basi akarudi Mulago kuzifungua daftari za zamani. Huyu ameandikwa ugonjwa wa taya, huyu wa figo, huyu wa jicho. Kila tabibu ameandika alichokiona. Burkitt akafahamu kwamba zote ni saratani moja, akaitangaza mwaka wa 1958.

Kisha akapeleka barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuwaona watoto wa namna hii. Na mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala kwa motakaa kuukuu, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri majuma 10, maili 10,000 hivi, wakipita Tanganyika na kwenda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa huu hukaa penye joto na mvua nyingi. Karibu na ikweta haukupatikana juu ya futi 5,000. Hapo ndipo Burkitt alipodhani kuwa mbu anahusika.

Habari hii inatuhusu. Ziwa letu liko kama futi 3,700 juu ya bahari, kwa hiyo Nyashimo, Lamadi na vijiji vyote vya pwani vimo ndani ya mpaka ule. Mimi mwenyewe nimemzika mtoto wa miaka 6 ambaye uvimbe wake ulidhaniwa kuwa jino, kisha ukadhaniwa kuwa mkono wa mtu, na miezi miwili ikapita katika mashauri ya jamaa. Nao ni uvimbe ambao seli zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili.

Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake katika London, waliopokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala, wakaonyesha virusi ndani yake. Lakini virusi hivyo karibu watu wote wa dunia wanavyo, hata Wazungu. Mbona watoto wa kwetu ndio wanaougua zaidi?

Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya seli zimo nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, 23 za baba na 23 za mama. Katika hizo yamo maagizo ya mwili. Mwaka wa 1972 huko Sweden, Manolov na mkewe Manolova waliona kwamba katika uvimbe wa Burkitt kromosomu ya 14 ina kipande kilichozidi. Mwaka wa 1976 ikajulikana kuwa kipande hicho kimekatika kutoka kromosomu ya 8. Na mwaka wa 1982 likaonekana agizo lililomo humo, liitwalo MYC, ambalo huiamuru seli kuzaana. Mahali pake penyewe huamka na kulala kwa wakati wake. Likihamia ya 14 hukaa karibu na agizo la kutengeneza kinga, ambalo katika seli zile halilali kamwe, na seli huzaana pasipo kikomo.

Tena seli za kinga, zinapopigana na maradhi, huzikata nyuzi zao wenyewe na kuziunga. Malaria ikirudi kila mara, kazi hiyo haina pumziko, na siku moja kiungo hukosewa. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka wa 2015 yaliithibitisha njia hii. Angalieni basi: kosa hili halirithiwi. Latokea katika seli moja ya mtoto, na wenye kuitafuta laana ya ukoo wanaitafuta pasipokuwapo.

Burkitt hakuwa na mashine za mionzi, akajaribu dawa, na uvimbe wa watoto wengine ukayeyuka kwa dozi chache tu. Siku hizi matibabu ya namna hiyo hutolewa Bugando, Mwanza, na mtoto aliyewahishwa huweza kupona kabisa.

Mwaka wa 1966 alirudi Uingereza, akawahubiri Wazungu wale unga usiokobolewa kama watu wa vijijini Afrika, jambo lililowachekesha wengi mwanzoni. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, mwenye miaka 82, akazikwa Bisley.