Octavia Hill

Octavia Hill (3 Desemba 1838 – 13 Agosti 1912) alikuwa mwanamageuzi ya kijamii kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa kwa kuboresha makazi ya maskini wa London na kwa kupinga ujenzi wa nyumba kwenye ardhi ya wazi iliyouzunguka mji huo. Alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa National Trust. Pia hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia jina la ukanda wa kijani, yaani eneo la mashamba, malisho na misitu linalozunguka mji na kulindwa lisijengwe.

Maisha ya awali

Alizaliwa Wisbech, mashariki mwa Uingereza, akiwa binti wa nane wa James Hill, mfanyabiashara wa nafaka. Mwaka 1840 baba yake alifilisika, na baadaye akaugua akili. Mama yake, Caroline, aliwalea watoto kwa msaada wa babu yao, Thomas Southwood Smith, daktari aliyepigania afya ya umma. Kwa miaka kadhaa familia iliishi Finchley, ambako wakati huo kulikuwa bado shamba, kaskazini mwa London. Mwaka 1852 walihamia katikati ya mji. Huko Octavia, akiwa bado msichana mdogo, aliwekwa kuwasimamia watoto maskini waliotengeneza midoli, na akaona hali ya nyumba walimolala.

Nyumba za wapangaji maskini

Mwaka 1865 mwandishi John Ruskin alinunua nyumba tatu katika mtaa wa Paradise Place, Marylebone, akamkabidhi Octavia azisimamie. Octavia alizikarabati na kupunguza msongamano wa watu. Yeye na wanawake aliowafundisha walikusanya kodi kila wiki kwa kupita mlango kwa mlango. Walidai kodi ilipwe kwa wakati, lakini pia walisikiliza shida za wapangaji. Ruskin alipata faida ya asilimia 5, jambo lililowavutia wenye mali wengine. Kufikia mwaka 1874 Octavia alisimamia wapangaji wapatao 3,000.

Kutetea ardhi ya wazi

Kazi hiyo ilimwonyesha kuwa chumba kizuri peke yake hakitoshi. Watu waliobanana katika vyumba vidogo walihitaji bustani ya jirani ya kupumzika jioni, na viwanja vipana pembezoni mwa mji ambavyo wangeweza kuvifikia kwa miguu. Hata hivyo, London ilikuwa ikipanuka haraka, na viwanja hivyo viligeuzwa mitaa ya nyumba.

Mwaka 1875 alijaribu kuviokoa viwanja vya Swiss Cottage Fields, vilivyokuwa njiani kati ya mitaa ya Marylebone na vilima vya Hampstead. Zilihitajika pauni 10,000. Kwa muda wa majuma machache alichangisha zaidi ya pauni 8,000, lakini wenye ardhi walijiondoa katika mapatano na viwanja vikajengwa nyumba. Octavia hakukata tamaa. Alishirikiana na chama kilichotetea ardhi za pamoja, na mwaka 1889 viwanja vya Parliament Hill vilinunuliwa kwa ajili ya umma na kuunganishwa na Hampstead Heath. Alishiriki pia katika kupatikana kwa bustani ya Vauxhall Park na viwanja vya Hilly Fields, kusini mwa London.

National Trust

Tatizo moja lilibaki: hakukuwa na chombo chenye uwezo wa kisheria wa kumiliki ardhi kwa niaba ya wananchi wote. Kwa sababu hiyo, mwaka 1895 Octavia, mwanasheria Robert Hunter na mchungaji Hardwicke Rawnsley walianzisha National Trust. Mali yake ya kwanza ilikuwa kilima cha Dinas Oleu huko Wales, kilichotolewa zawadi na Fanny Talbot. Sheria ya mwaka 1907 iliiwezesha National Trust kutangaza kwamba ardhi yake fulani haiwezi kuuzwa kamwe.

Msimamo wake na lawama

Octavia aliamini juhudi za mtu binafsi kuliko msaada wa serikali. Alipinga nyumba za halmashauri, pensheni ya wazee na haki ya wanawake kupiga kura bungeni. Kwa hiyo wapo wanaomlaumu kuwa mkali na mwenye kuwatawala wapangaji wake.

Kifo na urithi

Alifariki London mwaka 1912 akazikwa Crockham Hill, Kent. Mwaka 1938 bunge lilipitisha sheria ya ukanda wa kijani wa London, na mwaka 1955 serikali ilizihimiza halmashauri za miji mingine kufuata mpango huo. Hadi leo Waingereza wanabishana juu yake. Wengine husema ukanda huo unazuia nyumba na kupandisha bei zake. Wengine husema ardhi ikishajengwa hairudi tena. Octavia aliyahangaikia yote mawili, kwani wale aliowatafutia nyumba ndio aliotaka wabaki na mahali pa wazi pa kwenda.