Witold Urbanowicz: Rubani wa Poland aliyepigania nchi za watu

Wasomaji wetu mnaoishi College Park, Maryland, bila shaka mnaujua ule uwanja mdogo wa ndege wenye jumba la makumbusho. Ulianza mwaka 1909, Wilbur Wright alipofika kuwafundisha maofisa wa jeshi la Marekani kurusha ndege. Mwaka mmoja kabla, huko Poland, wakati huo ikitawaliwa na Urusi, alizaliwa rubani ambaye baadaye alifanya kazi Washington, jirani na hapo, akiiwakilisha nchi iliyokwisha kutekwa.

Huyo ni Witold Urbanowicz. Poland ilipovamiwa mwaka 1939, Warusi walimkamata akawatoroka, akapitia Romania na Ufaransa hadi Uingereza. Waingereza mwanzoni hawakuwaamini sana marubani hawa wasiojua Kiingereza. Septemba 1940 alikabidhiwa uongozi wa Kikosi namba 303 cha Wapoland, kilichokuwa Northolt, karibu na London. Kikosi hicho kilihesabiwa kuangusha ndege 126 za Wajerumani, ingawa uchunguzi wa baadaye umepunguza hesabu hiyo. Yeye peke yake alihesabiwa 15 katika vita hivyo vya anga.

Baadaye alipelekwa Washington kama msaidizi wa mwambata wa anga katika ubalozi wa Poland. Kazi ya mezani haikumkaa. Mwaka 1943 alijiunga na Wamarekani kule China, akapigana na Wajapani.

Sisi Waafrika Mashariki nasi tumo katika habari hii. Miaka hiyo hiyo maelfu ya wanawake na watoto wa Kipoland, waliohamishwa kwa nguvu na Stalin kisha wakatoka kupitia Iran, waliishi kambini Tengeru, nje ya Arusha, na Masindi na Koja, Uganda. Wengi baba na kaka zao walikuwa vitani upande wa Waingereza. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo.

Vita vilipokwisha, Poland iliangukia mikononi mwa Stalin, na washirika wakakubali. Urbanowicz alirudi nyumbani mwaka 1946, akakamatwa kwa tuhuma za ujasusi! Alipoachiwa alikwenda zake Marekani, akafanya kazi katika mashirika ya ndege. Alizuru tena Poland mwaka 1991, na mwaka 1995 ikampa cheo cha jenerali. Alifariki New York tarehe 17 Agosti 1996, akazikwa Doylestown, Pennsylvania.