Wendell Scott: Mshindi aliyekufa bila kulishika kombe lake

MECHI imeisha 2-0, uwanja mzima umeona, halafu ushindi anapewa aliyefungwa. Mashabiki wangevunja viti. Dereva Wendell Scott yalimkuta hayo Desemba 1, 1963, huko Jacksonville, Florida, nchini Marekani.

Scott alikuwa dereva wa NASCAR, mbio za magari yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani, ila injini zake si za mchezo. Alikuwa mweusi kati ya wazungu, tena kusini mwa Marekani enzi za ubaguzi.

Alizaliwa Agosti 29, 1921 mjini Danville, Virginia. Aliendesha teksi, akaenda jeshini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akarudi kuwa fundi gereji. Hela ilikuwa ndogo, hivyo usiku akawa anasafirisha gongo.

Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi wa kuvuta watu uwanjani. Wakawauliza polisi. Polisi, waliochoka kumfukuza, wakamtaja yeye.

Mwaka 1959 alibeba ubingwa wa jimbo la Virginia, na 1961 akapanda ligi kuu.

Huko juu hela ndiyo ilikuwa inaongea. Wenzake walikuwa na matajiri nyuma yao. Scott alikuwa kama klabu isiyo na mdhamini: vipuri vya mitumba, wanawe ndio mafundi, na yeye mwenyewe spana mkononi kabla ya kukamata usukani.

Shida ilionekana kwenye kusaka nafasi za kuanzia. Kabla ya mbio, kila dereva hupimwa muda, na mwenye kasi zaidi huanza mbele. Hapo gari kuukuu huumbuka, maana ni injini na saa tu. Hata hivyo, mwaka 1962 mjini Savannah, Georgia, Scott aliwapiga bao wote akaanza wa kwanza. Katika mbio zake 495 za ligi kuu, ilimtokea mara hiyo moja tu.

Jacksonville alianzia nafasi ya 15. Mbio zilikuwa za mizunguko 200 kwenye vumbi. Ikiwa imebaki 25, akampita Richard Petty, mkali wa zama hizo, na hakushikika tena.

Akamaliza, lakini bendera ya ushindi haikupepea. Akatangazwa Buck Baker, ambaye Scott alikuwa amemwacha mizunguko miwili. Mwenyewe aliamini wakubwa waliogopa kuona mweusi akipigwa busu na mrembo mzungu aliyekabidhi kombe.

Scott akagoma, akadai hesabu irudiwe. Saa kadhaa baadaye wakakubali kwamba ameshinda, wakampa hela yake. Mashabiki walishaondoka, na Baker alishaondoka na kombe.

Ajali mbaya ya Talladega, Alabama, mwaka 1973 ilimaliza mbio zake. Alifariki Desemba 23, 1990, akiwa na miaka 69.

Mwaka 2015 aliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa NASCAR. Kombe la Jacksonville lilikabidhiwa kwa familia yake Agosti 2021.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Bubba Wallace akawa mweusi wa pili kushinda mbio za ligi hiyo. Alishindia Talladega.