Xenophon na Mwanafarasi

Mwalimu yeyote aliyewahi kumfokea mtoto hadi mtoto akasahau hata kile alichokuwa akikijua angefaidika kumsoma Mgiriki mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ingawa kitabu ninachokikusudia hakikuhusu watoto bali farasi.

Xenophon alizaliwa Athens yapata mwaka 430 K.K., katika jamaa yenye uwezo wa kufuga farasi. Na katika nchi ile ya mawe na malisho haba, farasi hakuwa mnyama wa mlalahoi. Ujanani alifuatana na Socrates. Alipoalikwa kujiunga na jeshi la Koreshi Mdogo wa Uajemi, Socrates alimshauri aende Delphi akaulize iwapo inafaa aende. Kijana akaenda, lakini alichouliza ni miungu gani awatolee sadaka ili safari ifanikiwe. Mwalimu alimlaumu kwa kulikwepa swali lenyewe. Walimu wenzangu wanamfahamu mwanafunzi wa aina hiyo.

Koreshi aliuawa mwaka 401 K.K. katika vita vya Cunaxa, karibu na Babeli, na baada ya muda si mrefu makamanda wa Kigiriki wakanaswa kwa hila na kuuawa. Xenophon akawa miongoni mwa waliochaguliwa kuwaongoza askari wapatao elfu kumi kupitia milima ya Wakurdi na theluji ya Armenia hadi Bahari Nyeusi. Siku moja walipokuwa wakikimbilia kilele, askari mmoja alinung'unika kwamba Xenophon amepanda farasi ilhali yeye anahangaika na ngao. Xenophon akashuka, akamtoa mtu yule safuni, akaitwaa ngao yake na kupanda mlima kwa miguu, amevaa deraya nzito ya mpanda farasi, mpaka askari wenyewe wakamlazimisha yule mnung'unikaji airudie ngao yake. Kule Armenia, mzee wa kijiji aliwafundisha kuzifunga kwato za farasi kwa mifuko, kwa kuwa bila mifuko wanyama walizama thelujini hadi tumboni. Na mwisho wa safari, akiwa hana kitu, alimwuza farasi wake mjini Lampsacus kwa dariki 50. Rafiki zake wawili, waliosikia jinsi alivyompenda mnyama huyo, walimkomboa na kumrudishia, wakakataa kulipwa.

Baadaye alitumikia upande wa Sparta, akafukuzwa na mji wake, akapewa shamba Scillus, karibu na Olympia. Alikaa huko takriban miaka ishirini, akiwinda na kuandika. Tunamkumbuka kwa historia na kwa habari za Socrates, lakini mimi huirudia zaidi risala yake fupi juu ya upandaji farasi, aliyowaandikia rafiki zake vijana. Anaanza kwa kumtaja Simon, Mwathens aliyeandika kabla yake, na kukiri kwamba hatayafuta yale ambayo wawili hao wanakubaliana, bali ataongeza aliyoyaacha. Uungwana huo ni adimu hata katika vyuo vikuu.

Mtu akimpeleka mwanafarasi kwa mfunzi, asema Xenophon, sharti iandikwe mapema ni mambo gani mnyama awe anayajua atakaporejeshwa, sawa na mzazi ampelekaye mwanawe kujifunza ufundi. Kabla ya hapo, nyumbani, mwanafarasi ajifunze kwamba njaa, kiu na nzi humpata akiwa peke yake, na kwamba nafuu huletwa na mwanadamu. Akiogopa kitu, aonyeshwa taratibu kwamba hakina madhara. Ukimpiga, utamzidishia hofu, kwa sababu atadhani maumivu yale yametoka kwa kitu kile kile alichokiogopa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Sina hakika kama hoja hii ya pili imewahi kueleweka.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile ya kumtoa farasi katika matiti (wanafunzi wasicheke, ndilo jina la mwendo huo) na kumwingiza katika mwendo wa kasi zaidi wa kuruka, ambao mguu mmoja wa mbele huutangulia mwenzake. Wagiriki hawakuwa na vikuku vya kutilia miguu wala matandiko kama ya leo. Walikalia nguo, au mgongo mtupu. Mpandaji aliyekosea hakuwa na pa kujishikizia. Xenophon anataka farasi aanze kwa mguu wa kushoto, na anaeleza wakati wa kutoa ishara: ni pale mguu wa kulia unapokanyaga chini. Kwa kuwa wa kushoto ndio utakaoinuka baadaye, mnyama ataanza nao bila kushurutishwa. Vilevile akielekezwa kushoto, ndio utakaotangulia kwa tabia yake. Basi kazi ya mfunzi ni kuusoma mwili ulio chini yake na kuomba jambo ambalo tayari liko njiani kutendeka. Ishara ikichelewa kidogo tu, farasi huonekana mkaidi, ilhali aliyekosea ni mwenye hatamu.

Kisha anaongeza agizo dogo: shuka pale pale mnyama alipofanyishwa kazi, ili mahali pa taabu pawe pia mahali pa kupumzikia.

Baada ya Sparta kushindwa huko Leuctra mwaka 371 K.K., alilipoteza shamba lake, na yasemekana alihamia Korintho. Wanawe wawili, Gryllus na Diodorus, walitumikia katika jeshi la wapanda farasi la Athens. Mwaka 362 K.K. Gryllus aliuawa katika mapigano ya Mantinea. Inasimuliwa kwamba habari zilimfikia baba akitoa sadaka, amevaa shada kichwani. Alilivua. Alipoambiwa kwamba kijana alikufa akipigana kishujaa, alilivaa tena, akaendelea na sadaka.