Edmund Roberts: Balozi aliyesafiri kama karani

Wazee wa Bukoba na Muleba wakisema merikani, wanamaanisha kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Jina limetokana na Marekani, kilikofumwa. Mwaka 1861, wasafiri Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kupiga kambi Kafuro, wakibadilishana nguo na shanga kwa pembe za ndovu. Wakati huo watu wengi wa Buhaya walikuwa bado wanavaa lubugo, vazi la gome la mti.

Mlango wa biashara hiyo kule Zanzibar ulifunguliwa rasmi na mtu ambaye leo hatajwi sana, Edmund Roberts.

Roberts alizaliwa mwaka 1784 Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Alirithi mali akawa mfanyabiashara wa baharini, lakini vita vya Ulaya vilimharibia. Meli na shehena zake zilitekwa, na utajiri ukayeyuka. Mwaka 1827 alifika Zanzibar akijaribu kuanza upya. Huko aliudhika kuona kwamba Wamarekani hawauzi wala kununua kwa uhuru, kwani maofisa wa Sayyid Said ndio waliopanga nani auziwe na kwa masharti gani. Alimlalamikia Sayyid mwenyewe, naye hakukasirika. Sayyid alitaka biashara, na alitaka silaha pia, maana alikuwa akipigana na Wamazrui wa Mombasa. Akaonyesha kuwa yuko tayari kwa mkataba.

Roberts alirudi kwao na kumwandikia rafiki yake Levi Woodbury, aliyekuwa seneta. Suala likalala hadi mwaka 1831, Woodbury alipokuwa waziri wa jeshi la wanamaji, na meli ya Kimarekani iliposhambuliwa na mabaharia wake kuuawa Sumatra. Ndipo Januari 1832 Rais Andrew Jackson akatia sahihi barua ya kumteua Roberts kuwa wakala wake wa kufanya mikataba na Muscat, Siam na nchi tunayoiita Vietnam leo.

Hapo ndipo penye utata. Katiba ya Marekani inataka balozi aidhinishwe na Seneti, lakini jina la Roberts halikupelekwa huko. Tena mwaka mmoja tu kabla, maseneta walikuwa wamemshambulia Jackson kwa kutuma wajumbe Uturuki bila ridhaa yao. Upande wa Rais ulijitetea kwamba wakala si balozi, na kwamba mkataba wenyewe ungeletwa Seneti baadaye. Waziri wa Mambo ya Nje, Edward Livingston, akaagiza safari iwe siri ili mataifa shindani yasiwahi. Kwa hiyo kwenye manowari Peacock Roberts aliandikishwa kama karani wa nahodha.

Kwangu mimi, hila hiyo ilimgharimu aliyetumwa kuliko aliyemtuma. Alikuwa mtu wa makamo, ana kundi la mabinti wa kuwalea, na anakwenda mbele ya wafalme bila cheo cha maana. Vietnam walimhoji vyeo vyake na kubishania maneno ya barua ya Rais. Roberts akaanza kuorodhesha majina ya wilaya za jimbo lake kana kwamba ni vyeo, mpaka karani wa upande wa pili akachoka kuandika! Mkataba haukupatikana.

Siam walikubali Machi 1833. Tarehe 21 Septemba mwaka huo akatia sahihi na Sayyid Said huko Muscat. Wamarekani sasa wangelipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha, na wangeuza na kununua kwa wamtakaye. Bunduki na baruti tu ndizo ambazo Zanzibar ziliuzwa kwa serikali peke yake. Kifungu kingine kilisema Mmarekani akivunjikiwa meli katika pwani ya Sayyid atatunzwa bure. Seneti iliuridhia mkataba mwaka 1834, na ubishi wa uteuzi ukafifia.

Mwaka 1835 Roberts alirudi na Peacock kubadilishana hati zilizoridhiwa. Walipotoka Zanzibar kwenda Muscat, manowari ikakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masirah. Roberts akapanda mashua ndogo na mabaharia wachache, wakavuka bahari wazi hadi Muscat kuomba msaada. Sayyid Said akautuma.

Safari iliendelea mashariki, ugonjwa ukiwa umeingia melini. Roberts alifariki Macau tarehe 12 Juni 1836. Machi 1837 Richard Waters, kijana wa Salem, alishuka Zanzibar akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani, na marobota ya merikani yakazidi kumiminika kuelekea bara.